Ndege za Baba Jordy

Mie Kavuo nitaisema, hata akikasirika akasirike: bwana yangu Syauswa hakufukuza ndege hata moja mu hii parcelle, hii kiwanja yetu. Balienda benyewe. Kila mwaka banaendaka benyewe.

Hapa kwetu Butembo, wakati mvua inanyesha, zile ndege za manjano banakuja kujenga mu migomba yetu. Banachana majani, banashona nyumba zao, banapiga kelele mupaka unasahau kile ulikuwa unatafuta. Halafu mvua inakatika, batoto yao banajua kuruka, na bote banaenda kutafuta mbegu mu mashamba. Hata mama mukwe yangu alijuaka ile. Mais lakini ule mwaka bwana yangu aliingia pension, hakuwa tena na mutu ya kuamurisha, njo akaanza vita na ndege.

Alitundika mikebe ya tomate ku kamba. Alivalisha fimbo koti yake ya kazi. Asubui anasimama mu bustani na pajama, anabatukana mu kifaransa. Ndege banamuangalia tu, banaendelea na kazi yao. Mwezi ya sita mvua ikakatika, na siku moja tukaamuka, kimya. Yesu, ule mwanaume! Akavaa suruali ya misa, akazunguka kwa majirani, kwa batu ya moto, bale ba pikipiki, mupaka ku mulango ya kanisa, anasema amebafukuza bote. Nilimuambia anyamaze, ile ni saison tu, wakati ya mvua imeisha. Akaniuliza mie nilisomea ndege ku université gani. Nikakasirika, nikaenda kutwanga sombe yangu, majani ya muhogo.

Sasa, mutoto yetu Jordy alikuwa anataka kuoa Tamar, binti ya Vagheni, kule Vuhovi. Vagheni ni mulimaji, na ule mwaka alipanda mutama kilima muzima. Siku tulipeleka mbuzi za dot, ile mahari, tukakuta kilima imekuwa manjano. Sijaona ndege bengi vile tangu nizaliwe. Na maneno ya bwana yangu ilikuwa imeshafika mbele yetu, juu batu ya moto banabeba batu na maneno pamoja.

Vagheni hakugusa hata kamba ya mbuzi. Alikaa ku kiti yake, akasema pole pole:

"Mukwe, ulifukuza ndege kwako, ukabatuma kwangu. Mutoto yangu hataingia mu nyumba ya mutu ya vile."

Nilisikia haya. Jordy, kijana ya ndevu, macho ikajaa machozi. Tamar alisimama ku mulango ya jikoni, kitambaa ku mudomo. Nikapiga bwana yangu kiwiko: sema kweli, sema haukufukuza ndege hata moja, tukule kuku, turudi nyumbani. Munafikiri alisema? Alinyoosha koti yake.

"Nilibafukuza, ni kweli. Mais nikitaka, nitabaita barudi."

Donc tukarudi Butembo na mbuzi zetu, zinalia njia yote, na mie nyuma yao sikuwa mbali na kulia.

Kuanzia pale, ule mutu akatamani ndege sana. Akatoa mikebe yote. Akamwanga muchele chini ya migomba, muchele yangu ya muzuri. Akapiga muluzi kila asubui mupaka mudomo ikapasuka. Hakuna kitu. Jordy akaacha kula, anakonda tu mbele ya macho yetu. Mie nilikamata rozari, nikaomba mvua, juu nilijua ni nani anabaitaka.

Mwezi ya munane mvua ikaanza, na ndege bakafika, banachana migomba yangu bila huruma. Bwana yangu alilia kabisa. Akapigia Vagheni simu, akainua telefone juu ili mukwe asikie kelele na masikio yake.

Vagheni akakubali mbuzi. Mais mbele ya familia zote mbili akaongeza neno: kwa vile mukwe eko na nguvu juu ya ndege, kila mwaka, mutama ikianza kukomaa, atakuja yeye mwenyewe kukaa mu shamba mupaka mavuno. Batu bote bakapiga makofi. Nikamuangalia bwana yangu. Ile saa alikuwa bado anaweza kusema kweli. Akasema aksanti.

Jordy na Tamar beko na mutoto sasa, na mie ninafurahi sana. Kila mwezi ya sita, moto inakuja kubeba baba Jordy na kiti yake. Anakaa Vuhovi katikati ya mutama, anapiga sahani na kijiko tangu jua inatoka, na ndege banakula pembeni yake bila wasiwasi. Mie ninabaki hapa, bustani kimya, ninalala vizuri. Mangaribi ananipigia simu, sauti imekauka. Hanisalimii hata.

"Kavuo," anasema, "mvua itarudi siku gani?"