Chungu Chini ya Mfarishi

Ilikuwa siku ya tatu, na chungu kilikuwa bado bubu.

Caixia alipiga magoti juu ya kitanda cha udongo, kile cha kupashwa moto kwa chini, akainua ncha ya mfarishi, akasogeza kifuniko na kutia pua. Hakuna utamu, hakuna ile harufu ya pombe changa. Punje za oti za tianpei, zinazochachushwa mpaka ziwe tamu, zilikuwa zimelala humo kama alivyozilaza juzi, kila moja imepasuka mdomo kwa kuchemka, hakuna hata moja inayosema neno.

"Usifunue," alisema Lianzhi, jirani yake, ambaye tangu alfajiri alikuwa ameketi kizingitini akila maandazi ya watu.

"Sijafunua. Nimechungulia."

"Mwizi naye huanza hivyo hivyo."

Siku nyingine isingekuwa na neno. Lakini leo ndiyo sikukuu ya mwezi wa tano, matawi ya mwerebi yameshachomekwa kila mlango wa kijiji, na kwa basi la saa nne kutoka Lintao anakuja Mama Lanqin kuitazama nyumba. Wenlu, mwana wa pekee wa Caixia, alikuwa amempenda Lanqin mwaka wa pili sasa, na desturi ni moja: mama wa binti huja, huketi, huonja, halafu hutoa jibu kabla ya kuondoka. Akikataa hakuna rufaa.

Na mdomo wa Caixia ulikuwa umeshamponza. Masika ya mwaka huu alikutana na Mama Lanqin sokoni, na kwa kutaka kupendeza akamwambia, "Njoo sikukuu uonje tianpei ya mkono wangu. Kwetu haijawahi kuharibika." Kweli haikuwahi. Ila mkono ulikuwa wa mama mkwe wake, Bibi Man. Kwa miaka ishirini na sita kazi ya Caixia ilikuwa kuzifikicha oti kwa maji kidogo mpaka manyoya yatoke, na kuchochea moto. Yaliyobaki bibi aliyafanya mwenyewe, amempa mgongo, kiganja juu ya punje zinazopoa, mpaka aseme, "Sasa," kisha anyunyize hamira. Hiyo "sasa" ilikuwa na joto gani, Caixia hakuuliza. Bibi Man walimzika kabla theluji haijayeyuka.

Basi juzi alikisia. Alingoja punje ziwe na joto la shingo ya mtoto aliyelala, akanyunyiza, akajaza chungu, akakifunika mfarishi, akawasha majani makavu kidogo chini ya kitanda. Tangu hapo miguu ikamwasha. Anafagia ua uliofagiliwa, anarudi, anachungulia. Anakwenda kisimani na ndoo iliyojaa, anarudi, anachungulia.

"Changu kimeiva tangu jana," Lianzhi alisema, akipangusa mafuta kwenye vidole. "Nikuletee bakuli mbili. Nani atajua?"

"Wewe utajua. Na wewe ukijua, soko zima limejua."

"Leo mimi ni bubu kuliko chungu chako."

Wenlu aliingia, amenyoa ndevu mara ya pili na kujikata mara ya pili. "Mama, kimeiva?" Mkono wake ulishafika kwenye mfarishi.

Caixia akaupiga kofi. "Kumbe nawe unafunua?"

"Mara mbili tu." Akafikiri. "Tatu."

"Mimi mara moja," ilisikika sauti ya shemeji yake Caixia kutoka uani. "Nilikuwa natafuta miwani."

Lianzhi alikuwa anatazama mawingu kwa bidii ya ghafla.

Honi ya basi ikalia barabarani, na Caixia akamwambia Lianzhi, bila kumtazama usoni, "Kalete."

Mama Lanqin alikuwa mfupi na mpana, na uzi wa rangi tano wa sikukuu mkononi. Alitazama paa. Alitazama nguruwe. Alifunua pipa la unga akalifunika. Nyuma yake waliingia majirani kumi na wawili, kila mmoja amekuja kuazima chumvi, na chumvi hiyo hakuna aliyeondoka nayo. Mgeni akapandishwa kitandani, upande wenye joto, na Caixia akamletea bakuli kwa mikono miwili.

Mama Lanqin akatafuna taratibu. "Tamu. Ndio ule mkono wako?"

Caixia akafanya kama anakohoa.

Mgeni akajisogeza nyuma apate kuegemea, mgongo wake ukagonga kitu kigumu cha mviringo. Akakipapasa juu ya mfarishi. "Na huyu aliyelala hapa ni nani?"

Neno la uongo, "achari", lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Caixia, limekaa vizuri, lingepita. Lakini alimwona Wenlu ameshika fremu ya mlango kama mtu aliye kwenye lori, akaona kwamba kijana atakuwa na mwanamke huyu kama mama mkwe kwa miaka arobaini, na achari itamfuata yote arobaini.

"Hicho ndicho changu," alisema. "Ulichokula ni cha Lianzhi. Na mkono niliokusifia ulikuwa wa marehemu mama mkwe wangu. Hiki ndicho cha kwanza kukifanya peke yangu, na hakitaki kuiva."

Mama Lanqin aliweka bakuli chini. "Mmekifunua mara ngapi?"

"Mimi... kumi na kitu."

"Tatu," alisema Wenlu.

"Moja. Miwani."

"Miwani ilikuwa usoni kwako," alisema mtu.

"Mbili," alisema Lianzhi. "Kwa kujali."

Mama Lanqin aliingiza mkono chini ya mfarishi, kifuniko asikiguse, akashika tumbo la chungu kama mkunga. "Hakijafa. Kimepigwa baridi. Nyumba hii watu wanapita kama darajani."

Wenlu akainamisha kichwa.

Mgeni akavua viatu. Akakiburuta chungu mpaka kwenye tofali lililo juu ya moto, akalivua koti lake la pamba na kukifunga nalo, kisha akakiegemea kwa mgongo wake wote mpana. "Ongezeni majani kidogo. Atakayegusa nitamng'ata."

"Na jibu, mama?" Wenlu aliuliza.

"Chakula cha nyumba hii bado sijaonja. Nijibu nini?"

Hapo mchana ukawa mrefu kuliko zile siku tatu. Maandazi yaliisha yakakaangwa mengine. Walisemwa waliokuwepo na wasiokuwepo: nani anapaka nywele rangi, binti wa nani kamfuata dereva wa lori. Caixia alitoka jikoni kwenda mlangoni, mlangoni kwenda jikoni, vidole vinamtembea. Basi la kurudi lilikuwa saa tisa. Chungu hakingeiva saa tisa.

Saa tisa honi ikalia. Wote wakamgeukia Mama Lanqin, ambaye alikuwa amefika katikati ya talaka ya tatu ya dada yake. Honi ikalia tena.

"Dada, basi," alisema Caixia, na akauchukia mdomo wake mara ya pili mwaka huo.

"Nimelisikia. Masikio ninayo."

"Hakuna jingine mpaka kesho."

"Basi nitafutie mto. Na ukae, unanitia kizunguzungu."

Caixia akakaa kando yake ukingoni mwa kitanda, kwa mara ya kwanza tangu juzi. Mkono wake, wenyewe tu, ukaanza kutambaa kuelekea kwenye ncha ya koti. Kofi likatua juu yake, si jepesi.

"Bado, mkwe mwenzangu," alisema Mama Lanqin, akaendelea na talaka ya dada yake.

Mlangoni, Wenlu akaiangusha sahani ya maandazi.