Ng'ombe wa Bwana Lange

Ruthu ndiye aliyewaona wa kwanza, kwa kuwa alikuwa juu ya paa bapa la nyumba yao ya tembe akianika uwele. Walikuja kwa njia ya Mpwapwa: wapagazi kumi na wawili, Mzungu mmoja juu ya punda, na nyuma yao mtu akiswaga mtamba mwekundu mwenye baka jeupe pajani. Miaka ile reli ilikuwa haijafika Dodoma, na Mzungu kufika Haneti ilikuwa habari ya kusimuliwa mwezi mzima.

Mzungu huyo aliitwa Bwana Lange. Hakuwa askari wala mtoza kodi. Alikaa kwenye kigoda uani kwa baba mkwe wake Ruthu, mzee Yoramu, akanywa maziwa bila kukunja uso, na watu wakampenda kwa hilo. Mkalimani wake alikuwa Halfani, mtu wa mjini Mpwapwa, mwenye kanzu iliyochakaa na ulimi mwepesi.

"Bwana anasema nchi yake na nchi yenu ziko mbali," alisema Halfani, "lakini anataka zijuane kama majirani. Ngozi zenu na asali yenu viende kwao, na nguo na majembe vije huku. Ila watu wa kwao hawajapata kumwona Mgogo hata mmoja. Mwaka huu kuna maonyesho makubwa katika mji wao. Anaomba mtu mmoja anayejua kutengeneza ngozi aende, wamwone kwa macho."

Watu wote wakamtazama Yotham, mume wa Ruthu. Hapakuwa na mkono kama wake kwa ngozi. Akishaisugua na samli na kuivutavuta, ilikunjika kama kitambaa.

"Wakanione mimi?" Yotham alicheka. "Ruthu, wewe unaniona kila siku na hujafaidi kitu."

"Wenzako watakucheka ukirudi umenona," akamjibu.

Walicheka, lakini Yotham hakutaka kwenda. Alimwambia baba yake wazi kwamba bahari hajaiona na hana haja nayo. Bwana Lange hakumlazimisha. Alimwita mtu wake alete yule mtamba, akampa Yoramu kamba mkononi.

"Bwana anamwacha ng'ombe huyu hapa nyumbani kwenu," Halfani akasema.

Kwa Wagogo, mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote katika zizi moja. Mmoja humweka kwa rafiki wa Kongwa, wawili kwa rafiki wa Mpwapwa, ili ukame ukipiga huku, kule wabaki. Anayewekewa hunywa maziwa. Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Ng'ombe akifa, ngozi yake hupelekwa kwa mwenye mali aione. Watu waliowekeana ng'ombe huzikana, huozeshana, na mmoja hawezi kumpoteza mtu wa mwenzake akanyamaza. Hapakuwa na urafiki uliopita huo.

Ruthu ndiye aliyesema, na neno hilo alikuja kulibeba siku zote za maisha yake. Alimvuta mumewe kando, karibu na kinu.

"Nenda, Baba. Mtu haweki ng'ombe wake kwenye zizi asilotaka kulirudia. Atakurudisha, kwa sababu atamfuata ng'ombe wake."

Yotham akamgeukia. "Wewe ndiye unayeniambia hivyo?"

"Mimi."

Akaondoka siku ya tatu, na kisu chake cha ngozi kiunoni.

Mtamba yule alizaa mwaka huohuo, ndama jike. Ruthu hakumwachia mtu mwingine kumkamua. Alimsugua kupe kwa majivu, akamkatia majani yeye mwenyewe, na kila Jumapili baada ya sala, mama mkwe wake alipouliza habari za Yotham, alijibu, "Ng'ombe mzima, Mama," kana kwamba hilo lilikuwa jibu. Kwake lilikuwa jibu.

Mwaka uliofuata mvua ilikata. Uwele ulinyauka ukiwa wa magotini, na watu wakaanza kuchimba mizizi. Majirani waliuza ng'ombe wao mmoja mmoja kwa wachuuzi wa Mpwapwa, kwa kikapu cha nafaka.

"Mwanangu, tumwuze huyu mwekundu," alisema Yoramu. Mbavu za mzee zilikuwa zinahesabika. "Mwenyewe ataelewa."

"Baba, tukiuza kilichowekwa kwetu, tutamdai nini aliyewekewa mtu wetu?"

Mzee hakurudia tena. Walikunywa maziwa kidogokidogo na mlenda usio na chumvi, wakavuka mwaka kwa rehema ya Mungu. Mama mkwe ndiye ambaye hakuvuka.

Mvua zilipoanza, akaja tarishi wa boma: Ruthu mke wa Yotham anatakiwa Mpwapwa. Alifurahi. Alimfunga kamba yule ng'ombe, na ndama akamfuata mama yake, wakatembea siku nne. Alitaka Bwana Lange amwone ng'ombe wake kabla yeye hajamwuliza habari za mumewe.

Bwana Lange hakuwapo. Mezani alikaa Mzungu mwingine, kijana, na pembeni alisimama Halfani. Hakumtazama Ruthu machoni.

"Shemeji," alianza Halfani, "keti kwanza."

"Nimekuja kusimama. Yuko wapi?"

Halfani akaichukua karatasi mezani, ingawa hakuhitaji kuisoma. Yotham alifika salama. Watu walijaa kumtazama akifanya kazi yake. Kisha baridi ikamshika kifua, akalala wiki mbili, akafa. Alizikwa hukohuko kwa heshima, na padri akasali. Wenye maduka wa kule walizipenda ngozi. Sasa wanaagiza, na nguo zimeanza kuja. Serikali inashukuru kwamba urafiki wa nchi mbili umepata nguvu.

Ruthu alisikia yote. Aliuliza tu, "Kisu chake kiko wapi?"

Halfani akauliza kwa Kijerumani. Kijana yule alipekua karatasi, akatikisa kichwa.

"Basi," alisema Ruthu, akatoka, akarudi na kamba mpaka mlangoni. "Mwambie Bwana wako, ng'ombe wa Bwana Lange huyu hapa, na ndama wake. Mtu wetu amempoteza. Amchukue ng'ombe aliyemweka, mambo yaishe kati yetu."

Walisemezana. Kijana alionekana kushangaa, kisha akatabasamu kwa upole, na upole ule ndio uliomuumiza Ruthu.

"Anasema ni wako, Shemeji," alisema Halfani, sauti imemshuka. "Hakuna wa kumrudisha kwake. Imeandikwa hapa: ng'ombe mmoja, malipo ya mtu mmoja."

"Nani aliandika hivyo?"

"Bwana Lange, siku ileile. Uani kwenu."

"Na wewe ulijua?"

"Mimi ni mtu wa mjini. Nilidhani na ninyi mnajua."

Ruthu alirudi Haneti na ng'ombe. Yoramu alilia kama mtoto, kisha akashika shoka, akasema wamchinje, watu wamle kwenye matanga.

"Baba," alisema Ruthu, "tukimchinja, tutakuwa tumekula nini?"

Mzee akaliweka shoka chini.

Jumatatu Ruthu alikwenda kwa mwalimu Elieza, aliyefundisha watoto kusoma katika kibanda cha misheni, akamwomba amwandikie barua kwa Bwana Lange. Elieza akachovya kalamu.

"Nianze na msiba?"

"Msiba anaujua. Andika ng'ombe wake yuko kwetu, mzima, hajauzwa. Ana ndama jike. Andika tunamngoja aje amchukue mwenyewe, au amtume mtu."

"Dada Ruthu, yule hatakuja."

"Andika, Mwalimu."

Elieza akaandika. Mwaka uliofuata aliandika nyingine, maana ng'ombe alikuwa amezaa tena, dume.