Kiti Kilichovishwa Nguo Nne

Tangu nilipojifungua binti yangu, hakuna mtoto wa nyumba yetu aliyetoka hospitali amepakatwa ndani ya gari. Wote wamekuja nyumbani wamefungwa mikanda katika kiti kimoja, na kiti hicho nilikinunua mimi. Alianza binti yangu, akafuata mdogo wake, wakaja watoto wawili wa dada yangu. Kila mmoja alikikalia mpaka miguu ikaanza kuning'inia, kisha akampisha mwenzake. Sasa ilikuwa zamu ya mdogo wangu wa kiume, ambaye mkewe alikuwa amebakiza siku chache.

Mimi ni fundi wa viti vya magari. Naweza kukichukua kiti cha teksi kilichochoka, chemchemi zimetokeza nje, nikakirudisha mpaka abiria aone haya kukikalia na nguo chafu. Katika karakana yangu kitambaa cha zamani hakivuliwi. Kipya kinashonwa juu yake, kiti kinanenepa, mwenye gari anaondoka akicheka. Kiti cha watoto wetu nilikifanyia hivyo hivyo. Kila mtoto aliyekuja nilimshonea nguo yake juu ya ile ya mwenzake: ya buluu, nyekundu, ya kijivu. Kwa huyu wa mdogo wangu nilishona ya kijani, mshono mara mbili pembeni, na nasema bila haya kwamba ilikuwa kazi safi.

Wifi yangu alikuja kukichukua mchana, mumewe nyuma yake kashika funguo za gari. Wifi anauza ndoo, mabeseni na mapipa ya plastiki. Mimi humwita Bi Ndoo, naye huniita Sindano, na tunapendana hivyo hivyo. Mama alikuwa amekaa kwenye stuli karibu na mlango, akinifumulia mishono ya kiti cha lori.

Wifi alikizunguka kiti taratibu, tumbo likimtangulia.

"Nguo nzuri, wifi," akasema. "Ila kiti chenyewe kina umri gani?"

"Sawa na binti yangu."

"Na waranti yake ilikuwa ya muda gani?"

"Miaka miwili," nikamjibu. "Lakini waranti ni maneno ya mwenye duka. Anakuhesabia siku za kumsumbua. Zikiisha, anayepumzika ni yeye, si kiti. Cherehani yangu hii waranti yake iliisha kabla hujaolewa, na bado inatoboa ngozi. Ya kale ni dhahabu, Bi Ndoo."

"Dhahabu sawa. Mimi nauliza plastiki."

Akakunja kidole, akakigonga kiti ubavuni. Ndivyo anavyofanya dukani kwake. Kila ndoo inayoingia huigonga na kuisikiliza, na inayoitika vibaya humrudishia aliyeileta, hata kama kwa macho ni nzima. Akagonga tena, akatikisa kichwa.

"Sisikii kitu. Kimevaa mno."

Mtu akiingia karakanani kwangu akasema kiti kimevaa mno, ni sawa na kumwambia mpishi chakula chake kimeiva mno. Mdogo wangu akaanza kuangalia dari. Mwanamume aliyeoa vizuri anajua wakati wa kuangalia dari.

Mama akaweka wembe wake wa kufumulia chini. "Mwanangu," akamwambia wifi, "wewe ulikuwa bado hujaja nyumbani kwetu. Kiti hiki kiligongwa na pikapu kwenye njia panda. Mlango wa gari ulibonyea mpaka ndani. Mjukuu wangu wa kwanza alitolewa humo ameshika biskuti yake, hata kuimega hajaimega. Gari lilikwenda kuuzwa chuma chakavu, kiti kikarudi nyumbani. Unataka ushahidi gani tena?"

Hapo nikajua nimeshinda, kwa sababu kisa kile katika ukoo wetu hakijawahi kupingwa. Kila mtoto aliwekwa katika kiti kile kwa sababu ya kisa kile. Ilikuwa kama kumkabidhi kwa mtu tunayemfahamu.

Wifi hakupandisha sauti. "Mama, nashukuru Mungu kwa hilo. Lakini ndoo ikianguka kutoka rafuni, hata isipopasuka, siirudishi mahali pake kabla sijaigonga. Na hiki si ndoo. Anayekaa humu ni mtoto wangu. Kama sijaisikia sauti yake, simweki."

"Hutamweka?" nikauliza.

"Simweki, wifi. Nisamehe."

Basi nikaupiga mkasi wangu mkubwa juu ya meza. "Sikiliza. Nakivua mbele yako. Nikikuta kasoro hata moja, nakikata mwenyewe kwa mkasi huu. Kikiwa kizima, mtoto anakuja nyumbani ndani yake, na wewe utamwimbia sifa za shangazi yake aliyemshonea nguo."

"Nimekubali. Na nitaomba radhi mbele ya Mama."

Mama akacheka kwa mara ya kwanza. "Mficha uchi hazai. Kivueni."

Nikakivua. Ya kijani ilitoka na harufu ya kitambaa kipya. Chini yake ya kijivu ilikuwa na doa la dawa ya kikohozi. Ile nyekundu ilitafunwa ukingoni na mpwa wangu wakati meno yanamtoka, na ya buluu ilikuwa imepauka mabegani. Kila nguo niliyoitoa nilimwonyesha wifi mshono wake, maana hakuna hata mmoja uliokuwa umeachia. Nilikuwa najigamba, na sikuona sababu ya kuacha.

Mwishoni tukaifikia nguo ya dukani, ile kiti kilichokuja nayo. Nilikuwa nimesahau kwamba ilichanika upande wa kushoto. Nilipoivuta, kipande cha kioo kikadondoka mezani, kidogo, ukubwa wa punje ya chumvi ya mawe. Sote tukakitazama. Mama akakichukua kwa ncha ya kidole, akakitia kwenye kopo la sindano zilizovunjika.

Kiti kikabaki uchi. Kilikuwa cheusi, kinang'aa kama siku ya kwanza, maana jua halikukigusa miaka yote ile. Nikakigeuza. Chini ya tako lake plastiki ilikuwa imegongwa muhuri wa mwaka kilipotengenezwa, na maneno kwamba kisitumike zaidi ya miaka kumi. Nikapiga hesabu kwa vidole, nikawahesabia na wao kwa sauti.

"Bado mwaka!" nikasema. "Waranti miaka miwili, maisha kumi, na hatujafika kumi. Anza kuomba radhi, Bi Ndoo, na uanze na Mama."

"Nikishagonga," akasema.

Akagonga mgongoni. Ko. Akagonga chini. Ko. Akagonga ubavu wa kulia, sauti ile ile, kavu na safi. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta uzi ulipo ili nikirudishie nguo zake. Kisha akagonga ubavu wa kushoto, na kiti kikakoroma.

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia. Kikakoroma tena. Nikamsogeza pembeni, nikagonga mwenyewe, nikagonga mara nyingi, kana kwamba mkono wangu ungesikilizwa zaidi ya wake. Nikashika ukingo kwa mikono miwili, nikaukunja. Mstari mweupe, mwembamba kama uzi, ukafunguka kutoka kwenye tundu la mkanda hadi pembeni. Nikapitisha ukucha. Ukucha ukaingia.

Mdogo wangu akashuka kutoka darini. "Dada, si kuna ile gundi ya..."

Nikamtazama. Akarudi darini.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa hofu iliyochelewa miaka, na ikaja yote kwa pamoja. Nilimwona mwanangu wa pili katika nguo ya buluu, nikawaona watoto wa dada yangu wamelala vichwa upande, mkanda umepita katika tundu lile lile, barabara kuu, mwendo wa kasi, na sisi mbele tunapiga soga. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu niliuziba kwa kitambaa mara nne, na kwa mshono mzuri.

"Kumbe kilitudanganya," Mama akasema.

"Hapana, Mama. Hiki hakikumdanganya mtu. Kilikuwa na kazi moja, na kiliifanya siku ile kwenye njia panda. Gari liliumia tukaliuza chuma chakavu. Kiti kiliumia nalo, sisi tukakishonea nguo."

Nikachukua mkasi. Mikanda ile ilikuwa migumu kuliko ngozi yoyote niliyowahi kukata, na niliikata yote, mmoja mmoja, hadi kwenye mizizi, ili mtu asije akakiokota jalalani akamweka mwanawe. Wifi hakunicheka. Alinishikilia kiti kisiteleze, na tulipomaliza jasho lilikuwa linatutoka wote wawili.

"Wewe," nikamwambia mdogo wangu, "nenda dukani. Kipya, si cha mtu. Ukigongwa barabarani hata kidogo, hicho nacho utakileta hapa nikikate, hata kama waranti yake haijafika mwezi. Na mtu asiniletee kitambaa. Hicho sitakigusa kwa sindano."

"Na hii ya kijani?" wifi akauliza. Alikuwa ameishika, anapitisha kidole kwenye mshono. "Nipe, Sindano. Nitamtandikia alalie."

Nikampa. Nikamwambia asiifue kwa maji ya moto.

Walipoondoka, binti yangu akaingia kutoka shule, akatupa mkoba na kukiona kiti uchi juu ya meza. Amerefuka sana mwaka huu. Goti lake lisingeingia humo.

"Hiki ndicho changu?" akauliza. "Kile cha pikapu?"

"Ndicho."

"Mbona kimepasuka?"

Nikamvuta karibu na meza, nikamwambia anyanyue mkono wa kushoto. Nikaweka kiganja changu kwenye ufa, kisha kwapani kwake, kisha nikakiteremsha ubavuni taratibu, ubavu baada ya ubavu, juu ya sare ya shule.

"Mama, unanitekenya."

"Tulia," nikamwambia, nikazihesabu mbavu zake tena kuanzia juu.