Nyumba Moja, Chanika na Tegeta

Chausiku alikuwa anachambua mchicha kwenye ungo, jicho moja likiwa kwenye tivi, pale bibi harusi anapopigiwa simu na kuambiwa bwana harusi amefika darajani. Tivi ikaganda. Daraja likafifia, yakatokea maandishi meupe: *Akaunti hii ni ya watu wanaoishi nyumba moja. Inaonekana wewe si mkazi wa nyumba hii.*

Akayasoma tena kwa sauti, kama anamsomea mtu. Humo ndani hamkuwa na mtu. Binti yake Munira alishaolewa Boko, na mumewe, Mzee Kondo, siku hizo alikuwa kwa mke mdogo, Tegeta.

Kuganda kwa tivi hiyo hakukuwa jambo la Chausiku peke yake. Nusu ya mtaa wake kule Chanika walikuwa wakija kutazama kwake, na tamthilia yenyewe ilikuwa inaelekea mwisho. Tangu msimu wa kwanza bwana harusi yuko njiani kwenda harusini. Amezuiwa na mafuriko, amekamatwa kwa kufananishwa, amepoteza kumbukumbu, kumbukumbu zimerudi, ikapotea pete. Alhamisi jioni ndiyo ingejulikana anafika au hafiki. Kuna kaka na dada walinuniana kwa sababu mmoja alisema hafiki.

Mzee Kondo alikuwa na wake wawili na sifa moja: usawa. Akinunua ndoo, ananunua mbili. Akinunua kitenge, doti mbili, rangi moja, ugomvi usiwepo. Akaunti ya tamthilia tu ndiyo alinunua moja, maana kijana wa duka la simu alimwambia moja inatosha watu wanne. Yeye wake zake ni wawili, kwa hiyo akaona hata akiongeza, nafasi ipo.

Zamu nazo zilikuwa za usawa: siku mbili Chanika, siku mbili Tegeta. Huo ndio ulikuwa mpango wa kwenye ndoa. Mpango wa barabarani ulikuwa mwingine. Kila zamu ya Chausiku ilipofika, magharibi simu inaita. "Mke wangu, leo foleni haifai kabisa. Mwenge pamefunga, Ubungo pamefunga. Nimelala hukuhuku." Foleni ya Dar kweli ipo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwita mwongo. Chausiku anafunika sahani ya mumewe kwa kawa, na asubuhi anakula kiporo. Hakuwa anataka makubwa. Alitaka siku moja zamu yake ifike na mtu wake awemo ndani.

Akampigia.

"Baba Munira, tivi inanifukuza."

"Inakufukuza vipi?"

"Inasema mie siyo mtu wa nyumba hii."

"Haijakuuliza swali hapo chini?"

"Inauliza, mnaishi nyumba moja? Ndiyo au Hapana."

"Sasa si ubonyeze Ndiyo! Nani atatoka hukooo Ulaya aje kukagua Chanika?"

"Mie sibonyezi uongo. Sema wewe mwenyewe."

Kondo alikuwa kwenye duka lake la vipuri vya magari, Tegeta, na mteja amesimama mbele yake amekumbatia betri. "Wallahi sie ni nyumba moja," akasema. "Haya, bonyeza."

Chausiku akabonyeza. Bwana harusi akarudi, bado yuko palepale darajani. Na upande wa kulia wa tivi, bati likaanguka.

Bati hilo lilikuwa limeziba fremu ya mlango. Fremu iliwekwa zamani, Munira akiwa shule ya msingi, kwa ajili ya sebule mpya ambayo Kondo aliahidi kuijenga ubavuni. Msingi ulichimbwa, ukaota mihogo. Chausiku alishachagua hadi madirisha, alishashona na mapazia, yamo kwenye sanduku. Upepo ukivuma kidogo bati huwa linaanguka, kwa hiyo aliinuka na nyundo kwenda kulirudishia.

Nyuma ya fremu hapakuwa na mihogo. Palikuwa na sebule yenye marumaru nyeupe, dari la jipsamu lenye taa za rangi, tivi ukutani kubwa kama godoro, na Salma, bi mdogo, ameshika deki.

"Shikamoo dada," Salma akasema.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Vua kandambili, dada, nimetoka kupiga deki sasa hivi."

"Mie niko kwangu, mwenzangu. Wewe ndiye umenijia."

Salma akachungulia dirishani kwake: bodaboda, duka la dawa, Tegeta. Akachungulia juu ya bega la Chausiku: kuku, mnazi, choo cha nje, Chanika.

"Na wewe tivi ilikuuliza?"

"Iliniuliza. Baba Munira akaapa."

"Aaah," Salma akasema, "kumbe aliapa." Akaendelea kudeki mpaka pale marumaru zinapoishia na sakafu ya saruji inapoanzia. Hapo akakamua tambara.

Kabla mchicha haujaiva, Fakihi alikuwa amefika. Fakihi ni fundi ujenzi, mtu wa Lindi, jirani wa ukuta kwa ukuta, na fremu ile aliiweka yeye. Akapima kwa futi yake, juu, chini, pembeni.

"Imekaa yenyewe," akasema. "Hata ufa wa kuziba hakuna. Ila mama, samahani, haya madirisha si ndiyo yale uliyoyachagua wewe?"

Chausiku alikuwa ameshayaona. Aluminiamu ya rangi ya kahawa, yenye vioo vya mawimbi.

"Mzee aliniambia nikayafunge Tegeta," Fakihi akasema. "Akasema wewe umebadili mawazo."

"Mie?"

"Ndivyo alivyosema."

Salma akatazama deki yake. "Mie niliambiwa yalikuwa ofa," akasema.

Jioni Kondo aliporudi kutoka dukani, alivua viatu, akakaa kwenye kochi, akaona fremu na mke wake mkubwa ndani yake. Akampungia mkono. "Umeshindaje, Mama Munira? Tivi imerudi?"

"Imerudi. Na madirisha yangu nimeyaona. Yamekaa vizuri."

"Si umeona sasa?" Kondo akasema, na uso ukamng'aa kwa furaha ya mtu aliyelipa deni bila kutoa kitu. "Nilikuahidi sebule, sebule hiyo hapo! Ubavuni mwa nyumba yako, kama nilivyosema."

Halafu akaomba maji ya kunywa, kwa Salma.

Kulipokucha, habari zilikuwa zimeshazunguka. Kutoka Chanika kwenda Tegeta watu huwa wanaamka na nyota, wanapita Gongo la Mboto, wanazunguka mji mzima, wanafika wamechoka kuliko kazi yenyewe. Sasa unaingia kwa Mama Munira, unasema hodi, unatokea Bagamoyo Road bado una usingizi. Wa kwanza kupita alikuwa Fakihi na toroli lake. Wakafuata wauza samaki, wanafunzi, dada wa saluni na midoli yao ya kusukia, jamaa mmoja na mbuzi. Mbuzi alikataa marumaru, akabebwa. Watu wa Tegeta nao wakaja upande huu kuangalia viwanja vyao walivyonunua kwa picha, na wengine wakavikuta.

Bernadeta, mjumbe wa shina la Chanika, alikuja na kiti chake akatoa utaratibu. Viatu mkononi. Wanaokwenda kulia, wanaorudi kushoto. Pikipiki zizimwe, zisukumwe. Harusi zipige singeli mpaka kizingitini, ndani zinyamaze, zikitoka ziendelee.

"Na umeme ukikatika Chanika?" mtu akauliza.

"Mtatumia mwanga wa Tegeta."

"Na maji yakikatika Tegeta?"

"Kisima cha Mama Munira kipo. Msipende maswali nyie."

Salma alilalamika juu ya nyayo kwa muda mfupi, halafu akaweka meza ya vitumbua chini ya tivi, na malalamiko yakaisha. Yeye na Chausiku wakazoeana. Mmoja akikuna nazi, mwingine anachuja. Wakawa wanataniana kwenye fremu, kila mmoja kakaa upande wake, miguu imenyooshwa kwa mwenzake.

"Dada, nikuambie anafika au hafiki? Mie nimeona vipande huko mtandaoni."

"Thubutu! Nitakuloweka kwenye hilo beseni."

"Kavaa suti nyeupe..."

"Salma!"

Alhamisi ilipofika, ilikuwa pia zamu ya Chausiku. Asubuhi hiyo aliamka anaimba. Foleni imekufa. Mwenge haimo, Ubungo haimo. Kati ya kochi la Kondo na mkeka wake pana vigae vichache, mtoto anayetambaa angevimaliza kabla hajachoka. Akapika wali wa nazi, changu wa kupaka, na kachumbari. Akafungua sanduku, akatoa mapazia aliyoshona kwa ajili ya sebule ile. Akayatazama, akayatundika chumbani kwake. Akafukiza udi. Akajipaka hina, na Salma ndiye aliyemchora, ulimi umemtoka pembeni kwa umakini.

"Leo umependeza, bi mkubwa. Akija hatakutambua."

"Atanitambua kwa harufu ya samaki."

Baada ya swala ya magharibi watu walijaa. Walikaa kwenye mikeka Chanika, kwenye makochi Tegeta, kwenye madirisha ya pande zote mbili. Tivi mbili, ndogo ya Chausiku na godoro la Salma, zikawashwa kwa pamoja kwa akaunti moja, na hakuna maandishi yaliyotokea. Watu wakapiga makofi. Katikati, njia ya Bernadeta iliendelea kufanya kazi, maana ndio muda watu wanatoka makazini: mistari miwili, viatu mkononi, kila mtu anageuza shingo kutazama tivi huku anasogea.

Kondo akaingia kutoka dukani. Akavua viatu. Akakaa kwenye kochi.

"Karibu nyumbani, Baba Munira," Chausiku akamwita kutoka kwenye fremu. "Chakula tayari."

Kondo akamtazama. Akautazama mstari wa watu uliokatiza mbele yake. Akapangusa uso kwa leso.

"Mke wangu," akasema, "si unaona foleni?"

Fakihi, aliyekuwa na toroli katikati ya mstari, akalirudisha nyuma. Dada wa saluni akasogea. Jamaa wa mbuzi akambeba mbuzi begani. Mstari wote ukafunguka kuanzia kwenye kochi mpaka kwenye fremu, marumaru tupu, na mwisho wake Chausiku amesimama na kanga mpya.

"Pita, mzee," Fakihi akasema.

"Shikamoo mzee, pita tu," wanafunzi wakasema.

"Hapana, hapana," Kondo akasema kwa ukarimu, anawapungia mkono. "Nyie ndio mmechoka. Tangulieni. Tangulieni tu."

Wakasubiri kidogo, kwa heshima. Halafu wakatangulia, na mstari ukajifunga.

"Nenda basi, Baba," Salma akanong'ona. "Zamu ni ya dada."

"Naenda. Si napisha watu?" Akajiegemeza, akauweka mguu mmoja juu ya stuli.

Kwenye tivi, bwana harusi alikuwa amefika kijijini. Farasi wake alikuwa ameanguka, akaja kwa miguu. Mvua ikaanza, akakimbia. Mlango wa ukumbi ulikuwa unafungwa, akapenyeza mkono. Suti ilikuwa nyeupe kweli. Bibi harusi akageuka, na Chanika na Tegeta zikalipuka pamoja. Vigelegele vilitoka upande mmoja vikapokelewa upande wa pili. Watu wa kwenye foleni walikumbatiana na viatu vyao. Yule dada aliyesema anafika alimpiga kaka yake kofi la mgongoni, kaka akacheka huku analia. Bernadeta alisimama juu ya kiti chake mwenyewe. Chausiku naye alipiga kigelegele, kirefu kuliko vyote, mpaka pumzi ikamwishia.

Kelele zilipotulia, sauti ya Kondo ikasikika kutoka kwenye kochi. "Mama Munira, hicho chakula kisipoe. Nipitishie hapa."

Chausiku akapakua. Wali, samaki sehemu ya kichwa anayoipenda mumewe, kachumbari pembeni. Akampa Fakihi, Fakihi akampa dada wa saluni, naye akampa mwanafunzi, na mwanafunzi akamfikishia mzee. Sahani haikukutana na foleni yoyote.

"Mashaallah," Kondo akasema, mdomo umejaa. "Huyu mke anajua kupika."

Watu wakaanza kudai wawekewe tamthilia nyingine. Ipo moja, Salma akasema, ya baharia aliyesema anarudi Ijumaa, misimu mingi sana. Chausiku akakaa kwenye mkeka wake, akafunika sufuria, akachukua rimoti. Kabla hajachagua, maandishi meupe yakatokea kwenye tivi zote mbili: *Asante kwa kuthibitisha kwamba mnaishi pamoja.*

Chini yake palikuwa na kitufe kimoja tu. Chausiku akatazama ng'ambo ya fremu, ambako mumewe alikuwa anachambua mwiba wa samaki, akabonyeza Sawa.