Nyumba ya Minong'ono

Nyumba ya Kristofa, kule juu Shume, kwenye milima ya Usambara, ilikuwa na sheria moja ambayo haikupita Bungeni: kunong'ona. Aliyeileta ni mwanawe Tobia, aliyezaliwa miezi miwili kabla ya siku zake, kilo moja na robo, na siku ya pili tu vijidudu vikamwingia kwenye damu. Alidungwa sindano majuma matatu. Siku ya kumruhusu, muuguzi alisema, "Mtoto huyu msimpigie kelele." Hakusema mpaka lini.

Wakatii. Kristofa, balozi wa nyumba kumi, ambaye sauti yake iliwatoa watu vitandani ng'ambo ya bonde waende shamba la ujamaa, akivuka kizingiti chake alikuwa kama mwizi kanisani. Hata mbuzi alivuliwa kengele.

Sasa Tobia alikuwa na miaka miwili na hajasema neno. Midomo aliichezesha sana. Bibi yake alisema anatafuna.

Dada yake Efrazia, aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni, alifanya uchunguzi wa kitaalamu: alipiga mfuniko wa sufuria nyuma ya kisogo cha mtoto. Tobia akageuka, akamtazama kama mchungaji anavyomtazama mlevi.

"Anasikia," Efrazia alitangaza.

"Na wewe utausikia mwiko," mama yao, Yunis, alinong'ona.

Alhamisi Yunis, Efrazia na Tobia walikwenda zahanati. Muuguzi Mwanahawa, mtu wa Tanga mjini, hakuwaficha: watoto wadogo hivi wakiingiwa na vijidudu kwenye damu mapema, wapo wanaopona kabisa, na wapo wanaobaki hawasikii, hawasemi au hawatembei sawasawa. Alimtembeza Tobia. Mguu wa kushoto ulijikokota kidogo.

"Huo tutaufanyisha mazoezi. Haya, mjukuu wangu, sema mama."

Akarudia kwa sauti ya sokoni. Yunis akauma pindo la kanga.

Midomo ya Tobia ikacheza. Efrazia alijua hakuna aliyempa kitu cha kutafuna. Akainama, akatega sikio.

"Amesema," alisema. "Kwa Kishambaa. Anasema huyu mama ana kelele."

"Efrazia, leo si siku ya mzaha."

"Haki ya Mungu, mama."

Lakini tangu Pasaka, alipowatangazia majirani kwamba waziri atapita, wakafagia barabara nzima na waziri hakutokea, neno lake halikuwa na mnunuzi. Ilibidi Yunis aweke sikio mwenyewe.

"Mama," Tobia alinong'ona, "twende nyumbani."

Yunis alikaa kwenye benchi kwa ghafla, akimkumbatia mtoto na kucheka huku machozi yakimtiririka.

Muuguzi naye akainama, akasikia. Akanyooka polepole. "Huko nyumbani mnazungumzaje?"

"Hivi," Yunis akajibu kwa kunong'ona.

Mwanahawa aliandika kwenye kadi: Anasikia. Anasema. Mguu, mazoezi. Wazazi wapaze sauti.

Jioni Kristofa aliisoma kadi mara mbili, akasimama mlangoni, akaita mbuzi kwa sauti ya miaka miwili iliyolimbikizwa. Bonde likaitika. Tobia aliziba masikio, akamnong'oneza dada yake jambo refu.

"Anasemaje?" Kristofa aliuliza.

Efrazia alifikiri kidogo. "Anakupa pole na kazi, baba."