Shela la Amparo

Mwezi wa saba wa dawa, ngozi yangu ilikuwa imekuwa nyeusi kama kikaango cha samaki. Maneno hayo si yangu, ni ya Shangazi Pasing.

"Nenita, wewe ndiye utakayembandikia mdogo wako shela kwa pini kanisani?" aliniuliza, mdomo umejaa wali. "Jamani, mpiga picha atakutafuta kwa tochi! Pumzisha hicho kidonge chekundu kinachokutia weusi, wiki mbili tu. Si makohozi yameshakuwa safi?"

Wote mezani walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Kesho yake nikaanza kukificha chini ya ulimi.

Kila asubuhi saa moja, Mama Choleng, mhudumu wa afya wa mtaa wetu, alikuja kunitazama nikimeza. Akishaondoka, nilikitema hicho kimoja ndani ya kopo la poda, kisha nikajisugua kwa sabuni ya papai mpaka ngozi ikawasha.

Siku ya tatu Amparo, bibi harusi wetu, alitafuta poda.

Hakupiga kelele. Aliviweka vidonge vitatu mezani mbele yangu.

"Dada, mara ya kwanza uliacha dawa kwa sababu ulipata nafuu, kifua kikuu kikarudi sugu. Sasa unaacha kwa ajili ya picha?"

"Ni picha ya harusi yako."

"Haya. Utoke mweupe, halafu mwakani tuikate picha hiyo hiyo, tubaki na uso wako, tuiwashie mshumaa pembeni ya picha ya marehemu baba."

Nilivirudisha vidonge ndani ya kopo, nikalipeleka kwa Mama Choleng kabla sijaghairi. Alichungulia ndani.

"Mjinga wewe," akasema kwa upole. "Hiyo rangi inakaa miezi hata ukiacha. Twende kwa daktari tukamweleze. Na kuanzia kesho, ukimeza, unainua ulimi."

Siku ya harusi Mama Choleng alinikuta nikisukwa nywele. Nilimeza vyote mbele ya wanawake wote, nikainua ulimi.

"Shangazi Pasing, njoo na wewe ukague."

"Mtoto huyu!" akafoka, lakini alikuja, akachungulia.

Kanisani vidole vyangu vilikuwa na ganzi ya dawa, sikuihisi pini. Ilinidunga, nikaona tone la damu, nikalifuta kwenye gauni langu lisiguse shela. Watu walingoja. Nilijaribu tena, polepole, kwa macho badala ya vidole, mpaka ikashika.

"Imekaa?" Amparo alinong'ona.

"Imekaa. Tazama mbele."

Kwenye picha mikono yangu ni myeusi tii juu ya kitambaa cheupe. Nimeibandika ukutani, juu ya kadi ya dawa. Imebaki miezi miwili nimalize dozi.