Mabwana wa Kitabuni

Hana pumzi, hana njaa, na mume wa mtu humshika kiuno kila siku mbele ya mkewe. Ni nani? Ukishindwa, mji sitaki. Nipe kiti tu nikae.

Ni bwana wa kitabuni, na Bi Sindano alimjua vizuri.

Mumewe, Fundi, alikuwa na vitabu vitatu vinene vya suti za kiume, vile ambavyo mafundi husema asiye navyo ni mtia viraka tu. Kimoja cha kukata koti, kimoja cha suruali, cha tatu cha namna mwanamume anavyopaswa kuvaa. Alasiri, Fundi akifungua cha kwanza, bwana aliyechorwa humo alishuka mezani, akajikung'uta vumbi la chaki, akasimama apimwe. Bi Sindano, aliyekuwa chini akishona matundu ya vifungo, alikunja miguu ili bwana apite.

"Bega hili linakukaba, bwana?" Fundi aliuliza kwa upole. Sauti hiyo Bi Sindano aliisikia mara ya mwisho wakiwa wachumba.

Binti yao alikuwa anaolewa Jumamosi, na mama mtu hakuwa na gauni.

"Baba watoto, mimi utanipima lini?"

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Akachomeka moja begani mwa bwana.

Kufika Jumatano mabwana walikuwa watatu, kila mmoja na kitabu chake, na wote wakitaka vizibao.

"Angekuwa mwanamke mwenzio ungemvuta nywele," dada yake Bi Sindano alimwambia dirishani. "Huyu utamvuta nini? Hata kivuli hana."

"Ana kola."

Lakini hakumvuta kola. Alhamisi asubuhi alivitosa vitabu vyote kwenye beseni la kufulia, akavikandamiza kwa viwiko mpaka maji yakawa meusi kwa wino.

Alasiri mabwana walitoka wakichuruzika, wakaketi kwenye makochi. Sufu ikiloa hunywea. Mikono ya makoti yao iliishia viwikoni. Fundi aliwatazama kwa huruma, akavuta futi yake, akaanza kupima upya. Vitambaa vya dukani havikutosha, akachukua na kile cha buluu ambacho mkewe alikuwa amejiwekea chini ya godoro.

Jumamosi harusini mabwana walikaa benchi la mbele, buluu tupu. Wageni waliwasogelea kutazama matundu ya vifungo.

"Fundi ana mkono huyu!" walisema.

Bi Sindano alikuja na gauni lake la zamani, kwapa moja limefumuka, ameubana mkono lisionekane. Bwana wa kwanza alijisogeza kidogo, akampisha. Bi Sindano akakaa pembeni, nusu ya paja ikining'inia nje.

Fundi akamwinamia sikioni.

"Mama watoto, lile swali lako nimelitafutia jibu vitabu vyote vitatu, vilipokauka. Hamna ukurasa wa mwanamke."